Sauti Haipandi: Historia ya Ufundi Mmoja wa Ibadakuli

Mteja wa Ibadakuli haji akisema kifaa kimekufa. Anakiweka mezani, anasalimia, kisha ananiambia, "Mayu," yaani mama, "sauti haipandi." Baba mdogo, aliyenifundisha kazi hii, aliyasikia maneno hayo kwa wakulima wa pamba waliokuja na redio zimefungwa nyuma ya baiskeli. Mimi nimeyasikia kwa wenye redio kaseti, kwa wenye deki, kwa wenye vibanda vya video, na miaka hii nayasikia kwa vijana waliochomeka hedifoni kwenye pedi ya PlayStation, wakapandisha hadi mwisho, na bado mtangazaji wa mpira anasikika kama yuko kijiji cha pili. Ukilifuata lalamiko hilo toka redio ya mbao hadi hedifoni, unaona wazi jinsi watu wa hapa walivyotoka kwenye kusikiliza pamoja wakaingia kwenye kusikiliza kila mtu na lake. Sisi mafundi tulihama nao.

Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga. Mgeni huijua kwa uwanja wa ndege, na kwa kituo kikubwa cha kupoza umeme, ambako inaishia ile laini ya kilovolti 400 inayotoka Iringa, ikipita Dodoma na Singida, kilomita 670. Leo tunaishi chini ya nyaya hizo. Lakini ufundi wetu haukuanza na umeme. Ulianza na betri.

Nianze hata kabla ya betri, maana Wasukuma walijua kushindania masikio ya watu kabla redio haijafika. Baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu hukutana uwanja mmoja, ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Watu wenyewe wanasogea. Mpigaji mzuri anajua kwamba kupiga kwa nguvu peke yake hakutoshi: ngozi ya ngoma lazima ipashwe moto ikaze, mlio upande, ukate katikati ya kelele za wenzake. Baba mdogo alikuwa mtu wa ngoma kabla hajashika pasi ya kulehemu, na sikio lake lilitoka huko. Alikuwa anaweza kusikiliza redio mbovu akiwa amesimama mlangoni akakwambia imekosa nini kabla hujaifungua.

Matangazo ya redio ya Tanganyika yalianza mwaka 1951, yakiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 kituo kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katikati ya tarehe hizo yalitokea mambo mawili yaliyoifikisha redio hadi huku kwetu. La kwanza ni transista. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilitoka Marekani mwaka 1954. Kabla yake redio ya nyumbani ilikuwa na valvu za kioo zinazokula umeme kiasi kwamba mtu asiye na nguzo alihitaji betri kubwa ya kubebwa na mtu mzima. Transista ikafanya redio iende kwa betri chache za kawaida. La pili ni pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa viliungana katika shirikisho moja lililoongozwa na Paul Bomani, na fedha ya msimu ikaanza kuonekana mikononi mwa mkulima mwenyewe. Mtu aliuza pamba, akanunua baiskeli, bati, na redio. Huku Shinyanga iliongezeka pia mishahara ya Mwadui, mgodi wa almasi alioanzisha John Williamson mwaka 1940.

Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, kikatengeneza redio na betri za National. Kwa fundi wa Shinyanga, kiwanda hicho kilikuwa baraka. Redio nyingi zilifanana, ukifungua moja unajua na nyingine. Kapasita ya redio iliyooza ilitumika kuponya jirani yake.

Sasa, kwa nini sauti ya redio hushuka? Sababu ya kwanza, na ya wengi, ilikuwa betri. Betri ikizeeka, ukinzani ndani yake hupanda. Ukiweka sauti chini, redio inavuta umeme kidogo na inaimba vizuri. Ukipandisha, inataka umeme mwingi, betri inashindwa, sauti inakwaruza au inajifunga. Kwa hiyo mkulima alisema kweli: haipandi. Wazee walianika betri juani, na wapo walioziweka karibu na jiko. Siku hizi vijana wanaona ulikuwa ushamba, lakini ulikuwa ufundi. Joto huchangamsha dawa iliyo ndani na kupunguza ule ukinzani kwa muda, ukapata taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na labda salamu za wagonjwa. Betri mpya ilikuwa ghali na duka lilikuwa mbali. Saa moja ya ziada ilikuwa na maana.

Sababu ya pili ilikuwa vumbi. Shinyanga ya miaka hiyo ilikuwa kavu, miti imekatwa, ng'ombe wengi, upepo wa Agosti unabeba ardhi. Mradi wa HASHI wa kuirudishia ardhi miti na ngitili zake, yaani malisho yaliyohifadhiwa, ulianza mwaka 1986, na waliokuja baada yake hawawezi kujua vumbi lililokuwepo. Lilikuwa linapenya kwenye kitufe cha sauti, ambacho ndani yake kuna utepe wa kaboni na kidole kidogo cha chuma kinachoutelezea. Vumbi likikaa kati ya kidole na kaboni, sauti inakatika, inarudi, inapiga kelele unapokizungusha. Baba mdogo alikiosha kwa spiriti, akakizungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, taratibu, huku ameinamisha sikio. Nilipoanza, kazi hiyo ndiyo niliyopewa, kuzungusha tu. Nilizungusha hadi vidole vikafa ganzi, na hapo ndipo nilipojifunza kutofautisha mkwaruzo wa vumbi na mkwaruzo wa kaboni iliyolika. Ule wa vumbi unahamahama. Ule wa kaboni unabaki palepale.

Lakini jambo kubwa la redio ya miaka hiyo, na ndilo ninalotaka msomaji alishike, ni kwamba haikuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi wakisikiliza kipindi cha redio, kisha wakajadili na kwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani, kuchemsha maji. Hebu fikiria redio moja ya betri na kikundi cha watu wazima chini ya mwembe, kuku wanapita, watoto wanalia, upepo unavuma. Spika ya redio hiyo ni ndogo, inatosha chumba kimoja. Waliokaa nyuma hawasikii. Basi wenye vikundi walikuja kwa fundi. Hawakuja kwa sababu redio ni mbovu. Redio ilikuwa nzima. Walikuja kwa sababu masikio yalikuwa mengi kuliko sauti.

Baba mdogo alifanya kitu ambacho mafundi wengi walikifanya bila kufundishwa. Alichukua spika kubwa kidogo, akatoa nyaya mbili kutoka kwenye redio, akaifunga spika hiyo kwenye mdomo wa mtungi wa udongo. Sauti ikajaa, ikapata kifua. Baadaye nilipoelewa sababu yake nilifurahi sana. Karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Mawimbi ya mbele na ya nyuma yanapingana, na yakikutana yanauana, hasa sauti nzito. Mtungi unalifungia wimbi la nyuma ndani, la mbele linabaki huru. Umeme haujaongezwa hata chembe. Kilichofanyika ni kuzuia sauti isijiue yenyewe. Naomba msomaji alikumbuke hilo la sauti kujiua, maana litakuja tena kwenye hedifoni, na wengi hawalijui.

Miaka ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, fedha za kigeni hazikuwepo, vipuri havikuja. Mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu waliogopa hata vitu vyao halali. Redio kubwa zilifichwa kwenye maghala ya pamba na mahindi, zikarudi zimeliwa na mchwa na panya. Karatasi ya spika iliyotobolewa na panya tuliibandika kwa karatasi ya mfuko wa saruji iliyochambuliwa tabaka moja, na gundi nyepesi, maana ukiweka gundi nzito spika inakuwa bubu. Kazi hiyo haikufundishwa chuoni popote. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwaruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni walizozipata wenyewe, na bidhaa zikaanza kurudi kidogokidogo. Ndipo tulipoona kwa wingi redio kaseti za spika mbili, na kwa mara ya kwanza vijana wakaja na kifaa kidogo cha kutembea nacho na hedifoni zenye sponji nyeusi.

Kifaa hicho kilikuwa kimezaliwa Japani mwaka 1979, Walkman ya Sony. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha kupunguza muziki na kufungua maikrofoni ili wasemezane bila kuvua hedifoni. Walioitengeneza walihofia kwamba mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake ni utovu wa adabu. Nimependa sana kujua hilo, kwa sababu wazee wa hapa walisema maneno yayo hayo walipomwona kijana anapita njiani masikio yamezibwa, hasikii salamu. Unamwambia mwangaluka, anapita. Matoleo ya baadaye yalibaki na tundu moja. Dunia ilikuwa imeamua.

Televisheni ilichelewa sana Bara. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara vituo vilianza mwaka 1994. Huku kwetu kilichotangulia ni deki na kibanda cha video, kile watu wanachokiita kibanda umiza: turubai, mabenchi, jenereta nje, na sauti inayosikika hadi barabarani, kwa sababu sauti hiyo ndiyo tangazo la biashara. Filamu za kigeni zilikuja zimetafsiriwa na mtu mmoja anayezungumza juu yake kwa Kiswahili, na aliyevuma kuliko wote alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam. Hapo fundi alipewa kazi ngumu: sauti ya mtafsiri ipande, milio ya bunduki ishuke, na vyote vimo kwenye mkanda mmoja. Tulicheza na kapasita za kukata sauti nzito. Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Mkapa alipolitangazia taifa kifo cha Mwalimu Nyerere, kibanda cha jirani yangu kilizima filamu, redio ikaletwa mbele, na watu wakajaa hadi nje. Sijaona tena mtaa mzima ukikaa mbele ya redio moja.

Gemu ziliingia kimyakimya. Kwanza zilikuwa zile za kaseti za plastiki, nakala za mashine ya Nintendo ya mwaka 1983, zilizouzwa kwa majina mengi. Hizo hazikuwa na habari ya sauti nzuri, zilikuwa zinalia tu. Kisha PlayStation. Ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, ya pili mwaka 2000, na ni hiyo ya pili iliyoshika mitaa yetu, ikiwa imetiwa chipu ili ikubali diski za kuchoma. Kibanda cha gemu kikachukua nafasi ya kibanda cha video: chumba kimoja, runinga kadhaa ukutani, kila moja na wachezaji wawili, mia tano kwa mechi, na aliyefungwa anampisha anayesubiri.

Matatizo ya sauti ya PS2 yalikuwa mepesi ukiyajua. Inatoa nyaya tatu: njano ya picha, nyeupe ya sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Runinga nyingi za hapa zilikuwa na tundu moja tu la sauti, basi watu walichomeka nyeupe na kuiacha nyekundu inaning'inia. Nusu ya mchezo ilipotea. Mtu anapiga krosi kutoka kulia, mashabiki wa upande huo hawapo. Niliwaunganishia nyaya mbili kuwa moja kupitia vipande viwili vya ukinzani, na mwenye kibanda akaniambia kwamba gemu imekuwa mpya. Ilikuwa ileile.

Tatizo lenyewe la hedifoni lilikuja na PS4, iliyotoka Novemba 2013 na kufika huku baada ya miaka kadhaa, mara nyingi mtumba. Pedi ya PS3 haikuwa na tundu la hedifoni. Pedi ya PS4 inalo, chini kabisa, na sauti inasafiri hewani kutoka kwenye mashine hadi kwenye pedi. Wenye vibanda walilipokea kwa furaha. Runinga nne zikilia kwa pamoja hakuna anayesikia lolote, na majirani wanachoka. Wengine walikuwa karibu na msikiti au kanisa, wengine walifungua usiku. Hedifoni ikawa sharti. Na kutoka siku hiyo, wateja wangu wengi wakawa vijana.

Nitaeleza ninavyofanya, kwa sababu ndugu wengi wa ufundi wanakimbilia kuuza hedifoni mpya pasipo haja. Kwanza siishiki hedifoni. Nashika pedi na kuingia kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya vifaa vya sauti. Ukichomeka hedifoni yenye maikrofoni, mashine hii hutuma masikioni maongezi tu, yaani sauti za unaocheza nao mtandaoni. Sauti ya mchezo inabaki kwenye runinga. Pale inabidi uchague itume sauti zote. Papo hapo pana kipimo cha kupandisha sauti ya hedifoni, ambacho ni tofauti na kile cha runinga. Kijana anaminya rimoti ya runinga hadi mwisho huku kipimo cha pedi kiko nusu. Wengi wanapona hapo, na siwatozi.

Pili, naangalia tundu. Lile vumbi la baba mdogo halijatuacha, safari hii limeungana na nyuzi za mfukoni. Pini haifiki mwisho. Natoa uchafu kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, sitii chuma, kisha spiriti kidogo. Pini iingie hadi isikike imegota.

Tatu ndiyo ninayoipenda. Kijana mmoja alikuja akasema, "Mama fundi, mashabiki nawasikia, lakini mtangazaji hayupo." Alikuwa anacheza PES, gemu ya mpira, ambamo watangazaji walikuwa Peter Drury na Jim Beglin. Nilivaa hedifoni yake. Uwanja ulikuwa unaimba, ngoma zinasikika, lakini zote kwa mbali, hazina kifua, na watangazaji wamefutika kabisa. Kabla sijaifungua nilijua ni waya wa pamoja uliokatika.

Hedifoni ina spika mbili. Kila moja ina waya wake wa kwenda, na waya wa kurudi ni mmoja kwa zote mbili. Huo wa kurudi ukikatika, umeme unatafuta njia nyingine: unapita spika ya kushoto na kurudi kupitia ya kulia. Hapo kila kilicho sawa pande zote mbili kinajiua, kwa sababu kinasukumwa kutoka pande mbili kwa nguvu ileile. Mtangazaji amewekwa katikati, sawa kushoto na kulia, basi anapotea. Mashabiki wametawanywa, kushoto tofauti na kulia, basi ile tofauti inabaki na inasikika. Sauti imejiua, kama ile ya spika isiyo na mtungi. Mtu anasema sauti iko chini, anapandisha, na anachopandisha ni mabaki.

Nilikata waya karibu na pini, mahali unapopindwa kila siku, ndipo unapokufia mara nyingi. Ndani mna nyuzi nyembamba kama nywele, nyekundu, kijani na za rangi ya shaba, zimepakwa vanishi. Vanishi hiyo ndiyo inayowashinda wengi: wanasokota nyuzi, wanafunga na selotepu, na haishiki, kwa sababu shaba haijagusa shaba. Lazima uichome. Ninatia ncha kwenye tone la risasi la moto pamoja na dawa ya kulehemu, nahesabu pumzi mbili, vanishi inatoa moshi, risasi inapanda kwenye nyuzi na kung'aa. Ndipo nalehemu kwenye pini mpya. Nikamrudishia, Drury akarudi kuzungumza, na kijana akacheka peke yake pale kwenye kiti.

Kuna ndugu wa ugonjwa huo ambaye hana waya uliokatika. Pini ya hedifoni yenye maikrofoni ina sehemu nne, na zamani watengenezaji hawakukubaliana waya wa kurudi ukae wapi: wengine waliuweka sehemu ya tatu, wengine ya nne, ikabadilishana na maikrofoni. Hedifoni ya mpangilio wa zamani ukiichomeka kwenye pedi, unapata ile sauti ya mashabiki tu. Dalili yake ni moja: ukiminya na kushikilia kile kitufe cha kupokelea simu kwenye waya, sauti inajaa ghafla, ukiachia inarudi chini. Hiyo naibadilisha pini, basi.

Lakini yapo mashaka mengine ambayo pasi hailehemu. Shinyanga ni lango la machimbo. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na kuizunguka migodi hiyo ya makampuni wapo wachimbaji wadogo wengi mno, Nyarugusu, Kahama, na vijiji vyote vya njiani. Mawe yanasagwa kwenye karasha, mchana na usiku, na kijana anayelisha karasha huwa hana kitu masikioni, au ana kipande cha pamba. Akirudi nyumbani na fedha yake anakuja na PS4 na hedifoni nzuri, na anasema haipandi. Naipima, iko nzima. Navaa mwenyewe kwa kipimo alichokiweka, na naivua haraka maana inaumiza. Sikio lake ndilo lililoshuka.

Hapa sioni haya kusema ninalolijali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75. Machi 2025 shirika hilo na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa kiwango cha usikilizaji salama kilichohusu gemu zenyewe. Wameona nilichokiona mezani. Mlio wa bunduki ndani ya gemu hauji polepole, unakuja wa ghafla, na mchezaji hawezi kuvua hedifoni kwa sababu anasikilizia nyayo za adui. Kijana wa karasha anaongeza juu ya kelele ambazo amekwisha kuzila kazini. Seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Ukimwuzia amplifaya ya hedifoni unamchomea zilizobaki. Ninamwambia kwanza aende hospitali akapimwe masikio, na ninamwambia anunue vizibo vya masikio vya kazini, ambavyo ni vya bei ndogo kuliko pini ninayombadilishia. Wapo wanaokasirika na kwenda kwa fundi mwingine. Wapo waliorudi.

Kazi yangu ya karibuni imetoka kwa mwenye kibanda mmoja hapahapa Ibadakuli. Wanaosubiri zamu walilalamika kwamba tangu hedifoni zije hawana raha, wanaangalia mpira ulio bubu. Akanunua kigawio cha waya, tundu moja linakuwa manne, na sauti ikaanguka, kwa sababu nguvu ndogo ya pedi imegawanywa kwa watu wanne. Nikachukua redio kaseti ya zamani iliyokuwa imelala juu ya kabati tangu enzi za baba mdogo, nikatoa chipu yake ya sauti, TDA2822, ambayo inaridhika hata na betri mbili, nikaijengea boksi la mbao lenye matundu manne. Wachezaji wawili na wanaosubiri wawili sasa wanamsikia mtangazaji mmoja. Kwenye kila tundu nimelehemu vipande vya ukinzani vinavyozuia sauti isivuke mahali fulani, hata mtu azungushe vipi. Boksi nimelifunga kwa misumari badala ya skrubu, na mwenye kibanda nimemweleza sababu yake.